Bibi Bertina, Mchoraji wa Msumbiji Aliyeolewa na Mshairi

Kaplong si mahali ambapo mtu wa Mombasa huenda kutafuta habari za Msumbiji. Ni njia panda katika nchi ya Wakipsigis, pale barabara ya kutoka Kericho inapokutana na ile itokayo Narok na Bomet, ukikaribia Sotik. Pana hospitali ya misheni, pana maduka, pana matatu zinazoita abiria wa Kisii, na zaidi ya hayo ni chai: chai mlimani, chai bondeni, chai mpaka mlangoni pa nyumba. Alasiri mvua hunyesha, na baridi yake humkumbusha mtu wa pwani aliyepita hamsini kwamba mifupa nayo ina umri wake.

Nilikwenda huko kwa jambo la nyumbani. Binti wa ndugu yangu anakaa Kaplong na mumewe, mwalimu wa Kiswahili na mtunzi wa mashairi. Wote wawili ni wa pwani. Kazi ndiyo iliyowapeleka bara. Binti huyu ni mchoraji. Tangu utotoni alikuwa akichora ukutani kwa makaa, akigombezwa na mamake, akifuta, kisha akichora tena. Sasa alikuwa amemwandikia babake kwamba ameamua kuacha kuchora, wala hakueleza kwa nini. Ndugu yangu akaniomba, kwa kuwa mimi ni ami yake na tena ni mtu wa kalamu, niende nikatazame kuna nini.

Sikukuta ugomvi. Nilikuta heshima, chakula kizuri, na chai isiyohitaji kusifiwa kwa kuwa ilichumwa hatua chache tu kutoka pale tulipokaa. Lakini nilikuta pia picha mpya zimeegemezwa ukutani, na zote zimegeuzwa, hazionekani ila mbao zake za nyuma. Nikamwomba anionyeshe. Akazigeuza moja moja bila ya neno. Palikuwa na wanawake wenye vikapu mgongoni, na vidole vinavyochuma majani mawili na chipukizi lake. Palikuwa na picha moja ya asubuhi yenye ukungu, watu hawaonekani nyuso, wanaonekana vitambaa vyao vya kichwani tu, vyekundu na vya manjano, kama vinakwenda vyenyewe juu ya chai.

Mimi sikulelewa na picha, ndugu msomaji. Nililelewa chuoni, kwa ubao na wino wa masizi, na uzuri niliofunzwa kuuona kwanza ni uzuri wa khati. Wenye elimu wana maneno yao juu ya sanamu, nami si mufti. Lakini najua kazi ya mkono ikinijia mbele, na ile ilikuwa kazi.

Kisha mwalimu akaniletea mswada wa diwani yake. Picha zile zilikuwa zimechorwa kwa ajili ya diwani hiyo, kila picha na shairi lake. Mashairi mengine, alinieleza mwenyewe kwa furaha, aliyatunga baada ya kuiona picha, wala si kabla. Nikafungua ukurasa wa kwanza. Palikuwa na jina moja tu, nalo ni lake. Kijana hakuwa na nia mbaya. Halikumpitia moyoni tu. Na binti hakusema, kwa sababu sisi tuliomlea tulimfunza asiseme.

Usiku ule, baada ya Isha na chakula, sikuwaweka kitako kuwahukumu. Niliwasimulia maisha ya Bertina Lopes, na habari hiyo ndiyo ninayokuletea leo.

Bibi Bertina alizaliwa mwaka 1924 katika mji wa Lourenço Marques, ambao leo unaitwa Maputo. Babake alikuwa Mreno na mamake Mwafrika. Katika koloni ile, mtoto wa namna hiyo alikuwa na milango miwili, na kila mlango ulikuwa na bawabu wake. Kwa upande wa baba aliweza kupata masomo ambayo wenzake wengi hawakuyaota. Kwa upande wa mama hakuachwa asahau kwamba ngozi yake ina maelezo ya kutoa. Alikwenda Lisbon kusoma kuchora, akafunzwa na mabingwa wa huko, na mwaka 1953 akarudi kwao, akafundisha uchoraji shuleni kwa miaka kadhaa.

Aliporudi alikuta kwao kumechemka, na waliokuwa wakichochea moto walikuwa ni washairi. Palikuwa na José Craveirinha, naye pia mtoto wa baba Mreno na mama Mwafrika, ambaye baadaye alikuja kuhesabiwa kuwa mshairi mkubwa wa Msumbiji. Noémia de Sousa alikuwa amekwisha ondoka nchini mwaka 1951, lakini mashairi yake yalibaki yakipita mkono kwa mkono katika karatasi za kunakiliwa. Na palikuwa na kijana aitwaye Virgílio de Lemos.

Huyu Virgílio anatuhusu kuliko tunavyodhani. Alizaliwa mwaka 1929 katika kisiwa cha Ibo, kwenye visiwa vya Kirimba, kaskazini mwa Msumbiji. Ibo ni pwani yetu hiyo hiyo inavyoendelea kusini. Wenyeji wake ni Wamwani, watu wa msikiti na jahazi, na Kimwani chao Mswahili akikisikiliza kwa utulivu hukifuata nusu ya njia bila mkalimani. Kuna mafundi wa fedha huko ambao kazi yao ingeuzwa Lamu bila kuulizwa imetoka wapi. Kuna pia ngome ya Wareno yenye umbo la nyota, iliyojengwa mwaka 1791, na kumbukumbu ya watumwa waliopakiwa hapo. Virgílio mwenyewe alikuwa wa ukoo wa Kireno, lakini macho yake yalifunguka akiwa kati ya watu hao.

Mwaka 1952, yeye na wenzake walitoa jarida la mashairi, wakaliita Msaho. Jina hilo walilitwaa kwa Wachopi, wapigaji mashuhuri wa timbila, yaani marimba zao kubwa, ambao ngoma na nyimbo zao hubeba sifa, lawama na habari za mji. Kuchukua neno la Wachopi na kuliweka juu ya jarida la Kireno kulikuwa ni kusema kwamba nchi ile ina sauti yake yenyewe. Lilitoka toleo moja tu.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1954, Virgílio alishtakiwa kwa ajili ya shairi. Alikuwa akitumia majina ya kubuni, na moja lilikuwa Duarte Galvão. Katika shairi hilo aliifananisha bendera ya Ureno, nyekundu na kijani, na kapulana. Kapulana ni nguo ya mwanamke wa Msumbiji: hujifunga kiunoni, hubebea mtoto, hufunikia maiti. Ni ndugu wa leso yetu, isipokuwa aghalabu haina jina lililoandikwa. Serikali ikaona kwamba kuifananisha bendera na nguo hiyo ni kuitusi. Mimi nimefikiri mara nyingi juu ya kesi hiyo. Aliyeona tusi pale si mshairi. Aliyeona tusi ni yule aliyedhani kwamba kitambaa anachokivaa mama hakiwezi kulingana na bendera.

Basi katika miaka hiyo Bertina Lopes na Virgílio de Lemos walioana, wakapata watoto wawili wa kiume. Nyumba moja, mmoja ana brashi na mwingine ana kalamu. Wote wawili walikuwa wakitafuta jambo moja: jinsi ya kuionyesha Msumbiji kwa macho ya Msumbiji, ilhali chombo walichopewa kimetengenezwa Ureno. Mshairi alikuwa na Kireno. Mchoraji alikuwa na mafunzo ya Lisbon. Bibi Bertina aliyachukua mafunzo hayo akayachanganya na nyuso na vinyago vya Afrika, na pia na michoro mikubwa ya kutani ya Amerika ya Kilatini, ambako wachoraji walikuwa wamekwisha onyesha kwamba ukuta wa mji unaweza kusema na mtu asiyejua kusoma. Rangi zake zilikuwa kali, mistari yake minene, nyuso zake zikimtazama mtu moja kwa moja.

Walivyoishi ndani ya mlango wao ni sitara yao, wala si adabu kuchungulia. Yaliyotokea nje ya mlango yanajulikana. Mwaka 1960 Virgílio alitoa kitabu cha mashairi ya wakati ule aliokuwamo, nacho kikakamatwa. Mwaka 1961 vita vya ukombozi vikaanza Angola, Wareno wakaingiwa na hofu katika makoloni yao yote, na polisi wa siri, PIDE, wakazidi kukaza kamba. Virgílio akatiwa ndani. Bibi Bertina naye, kwa mawazo yake na kwa watu aliokuwa akishikamana nao, hakuwa na nafasi tena katika mji aliozaliwa. Alikwenda Lisbon, akapata msaada wa masomo kutoka wakfu wa Gulbenkian, akajifunza kazi ya vyombo vya udongo. Lakini Lisbon ndiko kulikokuwa kichwa cha nyoka yule yule aliyemkimbia mkia.

Mwaka 1963 Virgílio alikwenda Paris, akafanya kazi ya uandishi wa habari. Kufikia mwaka 1964 Bibi Bertina alikuwa Roma. Huku kwetu, mambo mengine yalikuwa yakitengenezwa: FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na tarehe 25 Septemba 1964 risasi za ukombozi zikaanza kulia kaskazini mwa Msumbiji, nchi kavu ya mkoa ule ule wenye kisiwa cha Ibo. Mshairi yuko Ufaransa, mchoraji yuko Italia, na nchi yao iko vitani. Ndoa haikuvuka bahari hiyo.

Huko Roma Bibi Bertina hakukaa akilia. Aliolewa tena, na Mwitalia aitwaye Francesco Confaloni, akaishi naye mpaka mwisho wa maisha yake. Alijuana na wachoraji wakubwa wa nchi ile, miongoni mwao Renato Guttuso na Carlo Levi. Nyumba yake ikawa baraza la Waafrika waliokuwa mbali na kwao na la watu waliounga mkono uhuru wa makoloni ya Wareno. Akachora. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, alikuwa amekwisha kaa ugenini zaidi ya miaka kumi, na picha zake hazijaacha kuizungumza nchi ile. Vikafuata vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoanza mwaka 1977, na machungu yake yakaingia katika kazi yake. Mwaka 1986 alifanyiwa maonyesho makubwa katika Palazzo Venezia, katikati ya Roma. Na tarehe 4 Oktoba 1992, mapatano ya kuvimaliza vita hivyo yalitiwa saini katika mji huo huo wa Roma alimokuwa akiishi. Ni kama nchi yake ilimfuata mpaka mlangoni ili asikie kwa masikio yake kwamba bunduki zimenyamaza.

Alifariki Roma tarehe 10 Februari 2012, akiwa na umri wa miaka 87. Virgílio alifariki Ufaransa mwezi wa Desemba 2013. Mwaka 2024, miaka kumi na miwili baada ya kuzikwa, kazi ya Bibi Bertina ilionyeshwa katika maonyesho makuu ya sanaa ya Venice, mbele ya watu waliotoka kila pembe ya dunia.

Nilipofika hapo mwalimu akaniuliza mafunzo ni yapi, maana walimu hawaachi hadithi ikapita hivi hivi. Nikamwambia ni hili. Ukisoma habari za mshairi, utakuta Bibi Bertina ametajwa kwa mstari mmoja, kwamba alikuwa mke wake. Ukisoma habari za mchoraji, utamkuta Virgílio kwa mstari mmoja, kwamba alikuwa mume wake wa kwanza. Kila mmoja ni tanbihi katika kitabu cha mwenziwe, lakini kila mmoja ana kitabu chake. Serikali iliwatawanya, nyumba ikavunjika, watu wakazeeka katika nchi mbili, na kazi zao mbili zikabaki zimesimama, kwa sababu kila kazi ilikuwa na jina la aliyeitenda. Je, kama Bibi Bertina angalikuwa amechora maisha yake yote chini ya jina la mshairi, siku ile nyumba ilipovunjika angalitoka na nini mkononi?

Kijana alinijibu kwa adabu, na jibu lake lilikuwa na uzito. Alisema kwamba yeye hana nia ya kuvunja nyumba, na kwamba mume na mke ni kitu kimoja. Jina la mmoja ni jina la wote wawili, na kuanza kugawana majina ni kama kuanza kugawana vyombo. Binti alikuwa akimimina chai. Alisita na birika mkononi, kisha akaendelea kumimina.

Nikamwambia, mwanangu, hata sheria yetu haikusema hivyo. Mke akiolewa na mali yake, mali ile ni yake, nikahi haiihamishi. Jasho lake ni lake, na akitoa, ametoa kwa hiari, wala halichukuliwi kwa kunyamaziwa. Tukikubali hivyo katika dhahabu na shamba, vipi tusikubali katika kazi ya mkono wake?

Kisha nikaitazama leso iliyokuwa begani mwa binti, nikaona mfano uko karibu. Leso ina pindo, ina mji, na ina jina. Pindo na mji ni kazi ya mchoraji. Jina ni kazi ya mtu wa maneno. Ondoa jina, imebaki nguo nzuri isiyosema. Ondoa mji na pindo, yamebaki maneno ambayo hakuna mtu atakayejifunga. Mwanamke anaponunua leso dukani hutazama kwanza rangi, kisha husoma jina, na asiporidhika na lolote kati ya mawili huirudisha. Diwani yao ilikuwa leso ya namna hiyo, na mwenye kuuza alikuwa ametaja fundi mmoja.

Hapo ningeweza kunyamaza na kujiona mtu wa hekima. Lakini haikuwa haki niwape la Msumbiji niwafiche la kwangu.

Marehemu mke wangu alikuwa akishona kofia za viua. Nakshi alizichora mwenyewe, kwa penseli, kabla ya kutia sindano, na kofia zake zilitafutwa. Miaka ile nilipokuwa nikitunga usiku na mshahara wa gazeti hautoshi, fedha za kofia zilinunua karatasi, zilinunua mafuta ya taa, na mara nyingi zilinunua samaki. Diwani yangu ya kwanza ilipotoka, nilimshukuru mpiga chapa. Nilimshukuru mwalimu wangu wa chuoni, Mungu amrehemu. Niliwashukuru hata rafiki wa barazani walionisikiliza bure. Yeye nilimpa kitabu akitazame. Akausoma ukurasa wa shukrani mpaka chini, akakifunga, akakiweka mahali pasipo na vumbi, akaenda jikoni. Hakusema kitu siku hiyo, wala siku yoyote. Nami sikuelewa, mpaka siku nilipokuwa nikipanga vitu vyake baada ya kufa, nikakuta zile karatasi za nakshi, zimekunjwa vizuri ndani ya nakala hiyo ya diwani. Alikuwa ameziweka mwenyewe mahali zilipostahili kuwa.

Niliposema hayo hakuna aliyenijibu. Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Binti akachukua vikombe, mwalimu akanionyesha chumba cha kulala, na tukalala.

Asubuhi nilipoamka kwa Alfajiri nilipita ukumbini. Picha ya ukungu ilikuwa imegeuzwa, inatazama ndani ya nyumba. Nyingine bado zilikuwa zimegeuza migongo. Wakati wa kunywa chai, kabla ya kwenda shuleni, mwalimu alimwuliza mkewe angependa jina lake liandikwe vipi: kwa jina la babake, au lile alilokuwa akilitia kwenye picha zake tangu alipokuwa msichana. Binti akasema atafikiri. Mwalimu akasema basi mswada utamngoja.

Niliondoka siku hiyo kwa basi la kupitia Narok. Ndugu yangu aliponiuliza Mombasa kama binti ataendelea kuchora, nilimwambia kwamba sikumwuliza. Niliuliza kama analo jina, na jibu lake liko njiani.

Nawe msomaji, ikiwa nyumbani mwako yuko anayeshona, anayefuma, anayechora piko kwenye mikono ya maharusi, au anayekunakilia mashairi yako kwa khati nzuri kuliko yako, usingoje kupanga vitu vyake. Liandike jina lake naye yuko hai, alisome mwenyewe.